Stesheni Zilizopotea katika Redio ya Shangazi

Wasomaji wa kurasa hizi wamezoea kukuta humu hati za mashamba, picha zilizofifia na mabishano yetu yasiyokwisha juu ya majina ya mababu. Safari hii naandika juu ya redio ya dijitali, na naomba msinicheke. Majira ya baridi yaliyopita redio hiyo ilikaribia kumtoa Shangazi yetu katika nyumba aliyoishi kwa miaka 41, na yaliyomfika yeye yanaweza kumfika mzee yeyote wa ukoo aliyebaki Uingereza peke yake.

Shangazi anakaa Southsea, upande wa mji wa Portsmouth unaotazama bahari. Jina hilo si geni kwa watu wetu. Ndiko alikoishi Sultan Jamshid bin Abdullah kwa zaidi ya nusu karne baada ya kuondoka Unguja mwaka 1964, hadi alipohamia Maskati mwaka 2020, na huko Maskati akafariki tarehe 30 Disemba 2024. Shangazi ana miaka 86. Mumewe ametangulia mbele ya haki, watoto wametawanyika, na macho yake yameingia kiza katikati. Huona pembezoni tu, kama mtu aliyeziba njia kwa ngumi yake mwenyewe. Hasomi tena, wala televisheni haimfai kitu. Redio ndiyo saa yake, ndiyo gazeti lake, ndiyo mgeni wake wa alasiri.

Kujuana kwake na redio ni kwa tangu utotoni. Sauti ya Unguja ilianza matangazo mwaka 1951, yeye akiwa msichana wa miaka 12. Nyumbani kwao Malindi palikuwa na redio kubwa ya mbao yenye kioo kilichoandikwa majina ya miji, na jioni dirisha liliachwa wazi makusudi ili majirani waliokaa barazani wapate kusikia. Shangazi husimulia zaidi juu ya mshale kuliko juu ya matangazo. Mshale uliteleza juu ya kioo, ukipita Cairo, ukipita London, na kila stesheni ilikuwa na mahali pake. Ilipofunga usiku, mahali pake palibaki. Uliuacha mshale pale pale, ukasikia mvumo, ukajua kwamba kesho mtu atasema kutoka hapo.

Redio ya dijitali haina mahali. Ina orodha. Jina likiwamo katika orodha, stesheni ipo. Jina likitoka, ni kama haikuwahi kuwako duniani, na mtu asiyeweza kuisoma orodha hana ushahidi wowote wa kuonyesha.

Redio yake ya dijitali alinunuliwa na wanawe Idi ya mwaka 2009. Macho yalipoanza kupungua, jirani alimwekea vitone vya rangi ya kucha juu ya vitufe: kitone kimoja kwa kitufe cha kwanza, viwili kwa cha pili, vitatu kwa cha tatu. Rangi ikikauka huinuka kidogo, na kidole hukijua kitufe bila msaada wa jicho. Kitone kimoja kilikuwa habari za BBC. Viwili vilikuwa stesheni ya muziki wa ala, ambayo aliipenda kwa sababu ya fidla. Husema fidla nyingi zikipigwa pamoja humrudisha kwenye mazoezi ya taarab ya Ikhwani Safaa, yaliyosikika mpaka njiani. Vitatu vilikuwa vya FM, vya Mwezi wa Ramadhani, nitavieleza baadaye.

Mwezi wa Oktoba kitone cha pili kilinyamaza. Alibonyeza asubuhi, akabonyeza jioni, kimya. Akampigia simu binamu yangu aliyeko Maskati, naye kwa nia njema akamwelekeza kwa simu namna ya kuiamuru redio itafute stesheni zote upya. Redio ilikuwa jikoni, nyuma ya jokofu, eriali yake imekunjwa. Ilipomaliza kutafuta, orodha ilikuwa fupi kuliko mwanzo: zimebaki za BBC na nyingine chache.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kweli. Kila asubuhi huja mhudumu kumsaidia kuoga na kumpa dawa, na kila mhudumu huandika katika daftari linalokaa mezani. Shangazi alimwomba mmoja amtafutie stesheni yake ya fidla. Yule binti akapitia orodha yote, asilione jina. Siku ya pili Shangazi akamwomba mwingine amtafutie ile stesheni inayoadhini Magharibi. Nayo haikuonekana. Daftari likaandikwa, nami nimeyasoma maneno yenyewe, kwamba mteja anauliza stesheni ambazo hazipo, na kwamba ameshikilia kuwa alikuwa akizisikiliza.

Sentensi hiyo ilipigwa picha ikasafiri. Ilipofika katika kundi letu la WhatsApp ilikuwa imeshakuwa kitu kingine: Shangazi ameanza kusahau. Aliyekuwa Dubai akasema aliliona jambo hilo tangu Idi. Aliyekuwa Leicester akatafuta bei za nyumba za kulelea wazee. Maskati wakasema aletwe kwao, pana chumba na pana msaidizi, na wakaanza kuulizia habari za viza. Hakuna aliyesema neno baya. Walimpenda, na kwa mapenzi hayo walikuwa wanamfungia mizigo. Shangazi mwenyewe, alipoambiwa na bintiye, alinyamaza, kisha akauliza swali ambalo bintiye amelikariri kwangu mara nyingi: "Kwani mimi hata redio nimeiota?"

Nilikwenda kwake Jumamosi moja kwa treni. "Sabalkheri, Shangazi." Akanijibu, akaniketisha, akanipa kahawa na mkate wa mofa, na hakuligusa suala la redio mpaka kikombe kilipokwisha. Ndipo tukaileta mezani.

Anayetaka kuelewa kwa nini stesheni hupotea lazima kwanza aelewe kwamba katika dijitali stesheni hazisafiri moja moja. Katika FM kila stesheni ina masafa yake. Katika DAB, mfumo ambao BBC ilianza kuutumia Septemba 1995, stesheni kumi, ishirini au zaidi hufungwa pamoja kama bidhaa katika jahazi moja, na jahazi lote hurushwa kwa masafa mamoja. Mafundi hukiita chombo hicho maltipleksi. Jahazi la BBC la nchi nzima liko chaneli 12B, megahezi 225.648. La stesheni za biashara za taifa, kwa England, liko 11D, megahezi 222.064, jingine la taifa lililoanza mwaka 2016 liko 11A. La kusini mwa Hampshire, anakokaa Shangazi, ni 11C. Kwa hiyo swali la kwanza huwa: imepotea moja, au zimepotea kwa kundi? Ikiwa zimepotea kumi na mbili kwa pamoja, ni jahazi halikufika. Ikipotea moja na wenziwe wamo, basi yeye ndiye aliyeshuka au aliyebadilisha chombo.

Kwa Shangazi yalikuwako yote mawili, moja juu ya jingine, na ndiyo maana waliojaribu kwa simu walichanganyikiwa.

Tulianza na kundi. Wimbi dhaifu la FM hulalamika. Huleta mikwaruzo, nawe ukasogeza eriali ukijua unakokwenda. DAB hailalamiki hivyo. Sauti hubaki safi, kisha huanza kutokota kama maji ya wali, kisha hukatika kabisa. Redio ikitafuta upya mahali ambapo wimbi halifiki vizuri, nyingi kati yake hufuta orodha ya zamani na kuhifadhi zilichokikuta tu. Jikoni nyuma ya jokofu hapakuwa na cha kukuta. Tukaihamishia sebuleni, dirisha la upande wa bahari, tukaivuta eriali mpaka mwisho na kuisimamisha wima, kwa sababu mawimbi ya DAB katika nchi hii hurushwa yakiwa wima. Tukaisogeza mbali na kisanduku cha intaneti na chaja ya simu, maana vifaa hivyo, hasa vya bei ya chini, hutoa kelele ambayo sikio halisikii lakini redio huisikia. Ndipo tukatafuta upya. Orodha ikarefuka. Shangazi aliyasikia majina nikimsomea, moja baada ya moja, na kwa kila alilolijua aligonga meza kwa kidole.

Fidla hazikuwamo.

Nikaingia katika menyu ya kutafuta kwa mkono, nikachagua 11D peke yake. Kipimo cha nguvu kilijaa. Jahazi limefika bandarini, abiria mmoja hayumo. Sababu yake ni ya hesabu zaidi kuliko ya ufundi. Kila maltipleksi ina nafasi yenye mpaka, na mwenye stesheni huilipia. Katika DAB ya mwanzo, stesheni ya muziki inayotaka kusikika vizuri hutumia kama kilobiti 128 kwa sekunde. Katika DAB+, iliyokuja kwa njia mpya ya kuibana sauti, stesheni hiyohiyo hutosheka na 64, au hata 32. Basi stesheni moja baada ya nyingine zimekuwa zikihamia huko. Hazijafungwa, hazijabadilisha masafa, zimebadilisha lugha. Redio ya mwaka 2009 isiyojua lugha hiyo haisemi "sielewi". Nyingine huonyesha jina na kukaa kimya, nyingine hulificha jina kabisa, na ya Shangazi ni katika hizo za pili.

Uthibitisho ulikuwa rahisi. Nilikuwa na redio ndogo ya mfukoni inayopokea DAB+. Nikaiweka kando ya ile kubwa, dirisha lile lile, nikatafuta, na jina likatokea. Nilipoibonyeza, fidla zikajaa sebule. Shangazi hakusema kitu kwa muda. Kisha akasema, kwa utulivu wa mtu aliyeshinda kesi, "Waandikie."

Nikawaandikia, palepale, yeye akisikiliza kila neno ninaloandika.

Wenye redio za zamani wapime kabla ya kutupa. Baadhi ya redio za wakati ule ziliweza kuongezewa DAB+ kwa programu. Ya Shangazi haikuwamo miongoni mwa hizo. Kwa anayenunua mpya, Uingereza ina alama ya vema inayowekwa kwenye redio zilizopimwa, iliyoanza mwaka 2013, na redio yenye alama hiyo hupokea DAB+. Na kwa mzee asiyeona aliyeandikishwa rasmi na mwenye kipato kidogo, kuna shirika la hisani la British Wireless for the Blind Fund, ambalo huazima bila malipo redio zilizotengenezwa kwa ajili ya wasioona. Watu wetu hawapendi kuomba. Naelewa. Lakini hii si sadaka ya mlangoni.

Ilibaki ile ya vitone vitatu, iliyoadhini Magharibi. Hii ndiyo iliyomwonyesha zaidi kuwa ameota, na hii ndiyo niliyoijua mara moja. Katika Mwezi wa Ramadhani jumuiya za Waislamu katika miji ya Uingereza huomba kwa Ofcom, mamlaka ya utangazaji, leseni za muda mfupi. Huweka mtambo mdogo juu ya jengo, husoma Kurani, huadhini, huuza tangazo la duka la nyama na la mwanasheria, na baada ya Idi huzima. Shangazi alifuturu kwa sauti hiyo. Alipoiuliza Oktoba alikuwa anauliza kitu kilichokuwako na kikamalizika kwa utaratibu wake, na binti aliyeandika "hazipo" aliandika kweli kwa Oktoba. Mwezi wa Ramadhani angeandika vingine, pengine.

Portsmouth, nataja kwa wanaopenda historia za vitu vidogo, ilikuwa mojawapo ya miji kumi iliyojaribu mwaka 2015 maltipleksi ndogo za bei nafuu, ambazo stesheni za jamii zinaweza kuzimudu. Majaribio hayo ndiyo yaliyozaa nyingi zilizotawanyika leo nchini. Nguvu yake ni kidogo, hufika mtaa huu na usifike ule, na nyingi ya stesheni zake ni DAB+. Basi jirani wawili wa njia moja wanaweza kuapa viapo viwili tofauti na wote wakawa wakweli.

Shangazi alikuwa na swali moja zaidi, na hili halikuwa katika daftari la mtu. Aliuliza kwa nini katika majina yote yale niliyomsomea hakusikia hata moja la Kiswahili. Alipofariki Sultan Jamshid, alisema, alikaa usiku kucha akizungusha orodha, akitaka kuisikia habari ile kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtangazaji, si kwa kusomewa simu na wajukuu wanaolitamka "marehemu" kama wanatafuna kitu. Hakuipata.

Nilimweleza kama nilivyojua. Kiswahili cha redio hakijawahi kupanda majahazi ya taifa ya nchi hii. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza tarehe 27 Juni 1957, ilisema kutoka London, lakini sauti yake ilielekezwa Afrika. Aliyekuwa Uingereza aliidaka kwa masafa mafupi kama mtu anayesikia mazungumzo ya chumba cha pili. Zanzibar nayo kwa miaka mingi ilirusha kutoka Dole kwa kilohezi 11735, na usiku ukiwa mzuri ilifika Ulaya. Marehemu mumewe aliidaka mara nyingi, waya ukiwa umefungwa kwenye mti wa jirani. Hata idhaa ya Kiarabu ya BBC, iliyoanza mwaka 1938 ikiwa ya kwanza ya lugha ya kigeni, ilinyamaza redioni tarehe 27 Januari 2023. Kitu kama hicho hakirudishwi kwa kutafuta upya, hata ukipanda juu ya paa.

"Basi hiyo kweli haipo," alisema.

Haipo hewani, nikamwambia. Ipo njia nyingine. Redio tuliyomnunulia hupokea DAB+, FM na intaneti. Dira ya Dunia ya BBC humfikia kwa intaneti, na ZBC pia, siku ambazo mkondo wake u hai. Nawatahadharisha hapa wanaodhani intaneti imemaliza matatizo. Redio hizi hazijui stesheni zenyewe. Huenda kuuliza katika daftari linalotunzwa kwenye kompyuta ya kampuni mahali fulani, na daftari hilo likifungwa au mkataba ukiisha, redio nzima hupofuka siku moja, vitufe vyote, Kiswahili na vyote. Imeshatokea kwa wengi. Kabla ya kununua, uliza kama redio inaruhusu uandike mwenyewe anwani ya mkondo, na uzihifadhi anwani hizo nje ya redio.

Kundi la WhatsApp lilipokea taarifa yangu kwa alama nyingi za mikono iliyokunjwa. Habari za viza zilikoma. Aliyekuwa Dubai alisema alijua tangu mwanzo kuwa ni redio. Mkuu wa wahudumu, nilipomwonyesha redio mbili kando kando, alikuwa muungwana: aliliomba daftari, akaandika chini ya sentensi ile kwamba stesheni zipo na sababu ya kutoonekana, akatia tarehe na saini. Shangazi alitaka isomwe mara mbili.

Sasa kuna karatasi chini ya redio. Kila mwenye mzee anayeishi na redio ya dijitali aiweke moja: jina la kila stesheni, iko kitufe gani, ni DAB au DAB+ au FM au intaneti, chaneli ipi, na tarehe ya mwisho iliposikika. Stesheni ikipotea, anayekuja ataanzia hapo, hataanzia kwenye akili ya mzee. Shangazi hakukubali niiandike mimi. Aliiandika mwenyewe kwa kalamu nene nyeusi, uso ameuinamisha upande ili aone kwa pembe ya jicho, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuoni. Ni karatasi nzuri sana, na hakuna mhudumu wala mjukuu awezaye kuisoma. Nimeweka ya pili nyuma yake, kwa herufi za Kirumi.

Kitufe cha nne amekataa kukiwekea kitu. Anasema hicho ni cha Ramadhani.